MAMBO YA MICHEZO: Chama cha Mpira Kilichoundwa kwa Amri

Kisegi ni mahali pa wakulima na wavuvi, kando ya Ziwa Victoria, upande ambao nchi ya Homa Bay hukaribiana na nchi ya Migori. Mahindi yakiisha kuingia ghalani na jembe likapata kupumzika, vijana wa sehemu kama hizo hutafuta uwanja, wala haupiti muda mrefu kabla ya kusikika habari ya shindano lenye zawadi ya fahali. Ndipo huzuka hoja ambayo imekwisha kusikika kila mahali penye mpira. Wengine husema: "Tuwakusanye wachezaji hodari kutoka Karungu, na Mbita, na Homa Bay, tuwavike fulana za rangi moja, na zawadi itakuwa yetu." Wengine hujibu: "Wakiisha kula nyama watakwenda zao, nasi tutabaki na uwanja mtupu. Afadhali tuwafundishe vijana wetu wenyewe, hata kama tutashindwa miaka mitatu."

Hoja zote mbili zina maana, na wazee wanaotakiwa kuziamua hawana budi kuzipima kwa haki. Huko Ulaya, wakati wa Vita Kuu ya Pili, hoja ya kwanza ilipata kujaribiwa kwa namna ambayo hakuna kijiji kinachoweza kuijaribu. Kilikuwako chama cha mpira ambacho hakikuwakusanya wachezaji wake kwa nyama wala kwa fedha, bali kwa amri ya jeshi. Kilizaliwa mwezi wa Desemba 1942. Kilipanda upesi hata kikafika kwenye mchezo wa mwisho wa Kombe, kisha kwenye mchezo wa mwisho wa ubingwa wa nchi nzima. Walakini, kabla ya mwaka wa 1944 kwisha, chama hicho hakikuwako tena. Hakikutimiza hata miaka miwili.

Jina lake lilikuwa Luftwaffen-Sportverein Hamburg, yaani Chama cha Michezo cha Jeshi la Ndege, Hamburg. Watu walilifupisha wakasema LSV Hamburg.

MPIRA WAKATI WA VITA

Ili kufahamu jinsi chama hicho kilivyopata nguvu, yafaa kwanza kufahamu mpira wa Ujerumani ulivyokuwa ukichezwa siku zile. Hapakuwa na ligi moja ya nchi nzima. Nchi iligawanywa katika majimbo, na kila jimbo lilikuwa na ligi yake. Bingwa wa kila jimbo alikwenda kushindana na mabingwa wenzake kwa njia ya mtoano, na aliyebaki wa mwisho ndiye aliyeitwa bingwa wa Ujerumani. Pamoja na hayo lilikuwako Kombe, ambalo liliitwa Kombe la Tschammer kwa jina la mkuu wa michezo wa serikali ya Hitler.

Vita vilipoanza mwezi wa Septemba 1939, vijana waliitwa jeshini, na wachezaji wa mpira walikuwa miongoni mwao. Vyama vya zamani vikaanza kupungukiwa. Wiki moja chama kilikuwa na golikipa, wiki ya pili golikipa yuko Ufaransa au Urusi akiwa amebeba bunduki. Kwa sababu hiyo ilitolewa ruhusa kwamba mchezaji aliye askari aweze kuchezea chama cha mji ule alikopelekwa kazini, kama mgeni. Hivyo mtu wa Hamburg aliweza kuchezea Vienna, na mtu wa Munich aliweza kuchezea Hamburg. Ruhusa hiyo ilifanywa ili mpira usife kabisa. Lakini ilifungua pia mlango mwingine: ofisa mwenye cheo, aliyependa mpira, aliweza kumwita mchezaji hodari ahamishiwe katika kikosi chake, na hakuna chama cha raia kilichokuwa na uwezo wa kumkataza.

Timu ya taifa la Ujerumani iliendelea kucheza na mataifa mengine mpaka tarehe 22 Novemba 1942, ilipowashinda Slovakia magoli matano kwa mawili katika mji wa Bratislava. Baada ya siku hiyo michezo ya kimataifa ilikoma, kwa kuwa majeshi ya Ujerumani yalikuwa yamezingirwa huko Stalingrad na nchi ilianza kubanwa. Timu ya taifa haikuonekana tena uwanjani mpaka tarehe 22 Novemba 1950, miaka minane kamili. Basi katika mwezi uliofuata ule mchezo wa Bratislava, wakati mpira mkubwa ulipokuwa unafungwa milango, ndipo LSV Hamburg ilipoundwa.

WATU WA MIZINGA

Hamburg ni mji wa bandari juu ya mto Elbe. Katika vita ulikuwa na viwanda vya kutengeneza meli, hata zile manowari zinazokwenda chini ya maji. Kwa hiyo ndege za Uingereza ziliutafuta sana, na Wajerumani waliuzungushia mizinga mingi ya kutungulia ndege. Mizinga hiyo ilikuwa chini ya Jeshi la Ndege, na vikosi vya mizinga ndivyo vilivyokuwa chimbuko la wachezaji wa LSV.

Miongoni mwa wachezaji hao walikuwako watu wenye sifa kubwa. Golikipa alikuwa Willy Jürissen, wa chama cha Oberhausen, aliyepata kuidakia timu ya taifa. Nyuma alikuwako Reinhold Münzenberg wa Aachen, mtu wa makamo aliyekwisha kuichezea Ujerumani mara 41 kabla ya kuvaa fulana ya askari. Mbele alikuwako kijana Ludwig Janda wa Munich, ambaye baada ya vita, mwaka 1949, alikwenda Italia kuichezea Fiorentina. Hakuna hata mmoja wa hao watatu aliyekuwa mwenyeji wa Hamburg. Waliletwa na karatasi ya jeshi, na karatasi nyingine ingeweza kuwaondoa.

Mtu asidhani kwamba askari hao waliona vibaya kuitwa kwenye mpira. Kwa Mjerumani wa mwaka 1943, kuhamishwa maana yake aghalabu kulikuwa kupelekwa upande wa Urusi, na wengi waliopelekwa huko hawakurudi. Aliyewekwa katika timu alibaki nyumbani, akalala kitandani, akala chakula cha moto. Palikuwako wakubwa waliolitambua jambo hilo na kulitumia kwa makusudi. Sepp Herberger, mwalimu wa timu ya taifa, alifanya kila hila kuwaweka wachezaji wake mbali na mstari wa mbele. Rubani mashuhuri wa vita, Hermann Graf, ambaye alipenda mpira kupita kiasi, aliwakusanya wachezaji katika kikosi chake na kuunda timu iliyoitwa Wawindaji Wekundu. Mmoja wa wachezaji hao alikuwa Fritz Walter, ambaye mwaka 1954 alikuwa kapteni wa Ujerumani Magharibi iliponyakua Kombe la Dunia. Kama asingalikuwa mchezaji, yamkini jina lake lisingalijulikana na mtu yeyote ila mama yake.

Kwa hiyo fulana ya timu ya jeshi ilikuwa zaidi ya fulana. Kila goli lililofungwa lilimpa mkubwa wa kikosi sababu ya kusema: "Watu hawa niachieni."

MOTO WA HAMBURG

Usiku wa tarehe 24 Julai 1943 ndege za Uingereza zilikuja juu ya Hamburg kwa wingi usiopata kuonekana. Zilidondosha angani vipande vingi vyembamba vya madini kama karatasi, na vipande hivyo viliivuruga mitambo ya rada ambayo ndiyo iliyokuwa macho ya mizinga. Mizinga ikabaki kama kipofu anayepiga fimbo hewani. Mashambulio yaliendelea mpaka tarehe 3 Agosti. Usiku wa tarehe 27 kuamkia 28 Julai, katika joto la kiangazi, mioto mingi iliungana ikawa moto mmoja, na moto huo ukavuta upepo wa nguvu kama dhoruba, ukang'oa miti na kuwameza watu njiani. Katika siku hizo walikufa watu zaidi ya 30,000, na watu wapatao 900,000 walikimbia mji.

Yeyote angedhani kwamba baada ya msiba kama huo mpira ungenyamaza. Lakini serikali ya Ujerumani ilitaka watu waone kwamba maisha yanaendelea. Watu wenyewe nao, waliokuwa wakiishi katika mabaki ya nyumba, walikuwa na hamu ya kusahau kwa dakika tisini. Miezi mitatu haikupita kabla LSV Hamburg haijawa katika hatua ya mwisho ya Kombe.

KOMBE LA 1943

Katika mtoano wa nne-bora, LSV walikutana na Dresdner SC, mabingwa wa Ujerumani wa mwaka ule ule. Dresden ilikuwa timu kamili, na mtu aliyeiongoza mbele alikuwa Helmut Schön, ambaye mwaka 1974, akiwa mwalimu, aliipatia Ujerumani Magharibi Kombe la Dunia. Watu wa mizinga waliwashinda mabingwa hao magoli mawili kwa moja. Hapo Ujerumani nzima ikajua kwamba chama hicho kipya si mchezo.

Fainali ilichezwa Stuttgart tarehe 31 Oktoba 1943, mbele ya watazamaji wapatao 45,000. Adui alikuwa First Vienna, chama cha zamani cha mji wa Vienna, kilichoanzishwa mwaka 1894. Austria ilikuwa imemezwa na Ujerumani tangu mwaka 1938, ndiyo sababu vyama vyake vilishindana katika mashindano ya Wajerumani. Kwa upande mmoja, basi, palikuwa na chama chenye umri wa nusu karne, na kwa upande wa pili palikuwa na chama kisichotimiza hata mwaka mmoja.

Dakika tisini zilikwisha timu zikiwa sawa, mawili kwa mawili. Ikaongezwa nusu saa. Katika nusu saa hiyo Vienna walipata goli la tatu, wakalichukua Kombe. Aliyelifunga goli hilo, na ambaye alikuwa amekwisha kufunga jingine kabla yake, aliitwa Rudolf Noack. Mtu huyo hakuwa Mwaustria hata kidogo. Alikuwa mwana wa Hamburg, aliyezaliwa Harburg mwaka 1913, na kwa miaka mingi alikuwa nguzo ya Hamburger SV, chama kikubwa cha mji ule. Vita vilimpeleka Vienna, na kwa ile ruhusa ya wageni akawachezea Vienna. Waswahili husema kikulacho ki nguoni mwako. Chama kilichojaa wageni na kubeba jina la Hamburg kiliangushwa na mwenyeji wa Hamburg aliyekuwa mgeni mahali pengine. Hakuna kisa kinachoonyesha vizuri zaidi jinsi vita vilivyowachanganya watu kama punje za nafaka katika ungo.

Mwisho wa Noack ulikuwa wa kusikitisha. Alikamatwa na Warusi, akafa kifungoni katika mji wa Orsk mwaka 1947. Alikuwa na umri wa miaka 34 tu.

MICHEZO 18, USHINDI 18

Baada ya Kombe, LSV waligeukia ligi ya jimbo la Hamburg katika msimu wa 1943 hadi 1944. Walicheza michezo 18 na kushinda yote 18. Walifunga magoli 117 na kufungwa 13. Maana yake ni kwamba kwa kila mchezo walifunga magoli sita na zaidi, na michezo mingine walimaliza bila kufungwa hata moja.

Hesabu hiyo yafaa kusomwa mara mbili. Kwa mtu anayependa kushinda tu, ni hesabu tamu. Lakini wapinzani wao walikuwa akina nani? Walikuwa vyama vya raia wa mji ulioteketea, vilivyokusanya wavulana wasiofikia umri wa jeshi, wazee waliokwisha kustaafu, na askari wa likizo waliopata kupita nyumbani. Kumshinda mtu aliyefungwa mikono si ushujaa mkubwa. Mtu aliyekwenda uwanjani Jumapili alijua nani atashinda kabla ya kutoka nyumbani kwake.

Katika mashindano ya ubingwa wa nchi, LSV walifika tena kwenye nne-bora, na hapo walikutana na chama kingine cha askari, HSV Groß Born, kilichotoka katika kambi kubwa ya jeshi huko Pomerania. Watu wa mizinga walishinda matatu kwa mawili. Timu mbili kati ya nne zilizobaki Ujerumani nzima zilikuwa za jeshi, dalili ya wazi kwamba vyama vya raia vilikuwa vimenyonywa damu.

Fainali ya ubingwa ilichezwa Berlin tarehe 18 Juni 1944, katika uwanja mkubwa uliojengwa kwa ajili ya Michezo ya Olimpiki ya mwaka 1936. Siku kumi na mbili kabla yake majeshi ya Uingereza, Marekani na wenzao yalikuwa yameshuka pwani ya Normandy. Juu ya hayo yote, watu wapatao 70,000 walikuja kutazama. Safari hii Dresden walilipa kisasi. Walishinda magoli manne kwa bila, na Helmut Schön alikuwa mmoja wa wafungaji. Huo ndio uliokuwa mchezo mkubwa wa mwisho wa LSV Hamburg, na ndio uliokuwa ubingwa wa mwisho wa Ujerumani kabla ya vita kwisha.

AMRI YA PILI

Mwezi wa Julai 1944 Hitler alimpa Joseph Goebbels mamlaka ya kukusanya kila mtu na kila kitu kwa ajili ya vita. Majumba ya michezo ya kuigiza yalifungwa, makarani walitolewa ofisini, na vyama vya michezo vya jeshi vikavunjwa. LSV Hamburg ilikuwa miongoni mwao. Amri iliyowakusanya wachezaji ilifuatwa na amri iliyowatawanya, na kila mmoja alikwenda alikotumwa.

Hapo ndipo ulipoonekana udhaifu wa chama hicho. Hakikuacha wavulana wa timu ya pili wa kushika nafasi za wakubwa. Hakikuacha wanachama waliokuwa wakilipa ada, wala wazee wa kusimulia habari zake, wala wanawake wa kufua fulana zake. Kilikuwa na wachezaji, lakini hakikuwa na watu. Wachezaji walipoondoka, hakuna aliyebaki wa kufunga mlango.

Vyama vya raia vya mji ule viliteseka zaidi, lakini havikufa. Hamburger SV waliokuwa wamepokonywa wachezaji, na St. Pauli waliokuwa wakicheza karibu na bandari, walirudi uwanjani vita vilipokwisha mwaka 1945. St. Pauli walipata bahati ya namna yake. Beki wao Karl Miller, ambaye kazi ya askari ilikuwa imempeleka kuchezea Dresden, alikuwa mwana wa mwuza nyama. Katika miaka ile ya njaa duka la baba yake liliwavuta wachezaji wazuri waje Hamburg, wengine wao wakitoka Dresden, na chama kikawa na timu iliyosifiwa kuwa ya ajabu. Kwa hiyo nyama nayo ina kazi yake katika mpira. Lakini tofauti ni hii: nyama ile ilikuwa ya mwenyeji, ilitolewa katika chama kilichokuwako kabla ya vita, na aliyeila alikuta nyumba yenye wenyewe.

ASKARI WA NYANZA

Watu wa upande wa Kisegi hawahitaji kufundishwa vita ni kitu gani. Mwezi wa Septemba 1914 Wajerumani walivuka mpaka kutoka Tanganyika, wakafika Karungu na Kisii, na tarehe 12 mwezi huo yakatokea mapigano makali Kisii kabla ya kurudi kwao. Baada ya hayo vijana wengi wa Nyanza walichukuliwa kuwa wapagazi wa jeshi, na wengi hawakurudi. Katika vita vya pili vijana wa Nyanza walipigana wakiwa askari wa K.A.R. huko Ethiopia mwaka 1941, Madagaska mwaka 1942, na Burma mwaka 1944. Mwezi wa Desemba 1944, wakati LSV Hamburg ilipokuwa imekwisha kusahauliwa, askari wa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki walikuwa wakivuka mto Chindwin kule Kalewa.

Askari hao nao walicheza mpira kambini, kama askari wa kila nchi. Lakini mpira wao ulikuwa wa jioni, baada ya kazi. Haukumwokoa mtu yeyote na zamu ya doria wala haukumpatia mtu kombe la nchi. Mchezaji aliporudi nyumbani hakuwa na chama cha kulilia, alikuwa na ujuzi tu wa kuwafundisha wadogo zake, na ujuzi huo haukuhitaji amri ya mtu.

Isije ikasemwa kwamba chama cha jeshi hakiwezi kudumu. Huko Rwanda chama cha APR kiliundwa na askari mwaka 1993, wakati wa vita, na kikaendelea kuwa chama kikubwa cha nchi hiyo. Huko Uganda chama cha jeshi, Simba, kilifika fainali ya Kombe la Mabingwa wa Afrika mwaka 1972. Hapa Kenya, Ulinzi Stars iliundwa mwaka 1995 kwa kuziunganisha timu za vikosi mbalimbali, na ilichukua ubingwa wa nchi mwaka 2003, 2004, 2005 na 2010. Kwa hiyo si gwanda linalokiua chama. Chama hufa kinapokuwa hakina kitu kingine ila amri iliyokiunda.

HUKUMU

Wale wanaotaka kuwakusanya wachezaji kutoka pande zote wana kweli yao. Historia ya Hamburg yaonyesha kwamba timu iliyokusanywa huweza kushinda upesi, hata michezo 18 mfululizo. Na hakuna anayeweza kuwalaumu wale wachezaji waliojiunga nayo, kwa maana walikuwa wakitafuta uhai wao.

Lakini mkulima anajua jambo ambalo maofisa wa Hamburg hawakulijali. Siku ya sherehe watu hukata migomba na kuisimamisha langoni ili kumpokea mgeni mkubwa. Siku hiyo migomba hupendeza kuliko yote iliyoko shambani, kwa kuwa imechaguliwa na kupangwa kwa mstari. Baada ya siku chache huwa mikavu na kutupwa. Mgomba ulioachwa shambani haukupendeza machoni pa mgeni, lakini huzaa, na ukiisha kuzaa huacha machipukizi chini yake.

Basi kijiji kikitaka kumwalika mchezaji wa Karungu au wa Mbita, na kimwalike. Ila kimwulize kwanza kama yuko tayari kukaa na vijana siku mbili za juma na kuwafundisha anayoyajua. Akikubali, fahali atakayepatikana atakuwa amelipwa vizuri. Akikataa, heri kushindwa na vijana wa nyumbani, ambao mwaka ujao watakuwapo bado.